Banzi, si Jalada

Istilahi "jalada la mbao", ambayo baadhi ya watunga orodha za istilahi huipachika kwenye vibao vilivyochorwa vya miswada ya Kibuddha ya zama za kati, ina kasoro mbili, na ya kwanza imo ndani ya neno lenyewe. Jalada limetokana na Kiarabu jild, yaani ngozi: kutoka ngozi ya mnyama maana ikahamia kwenye ngozi inayovikwa kitabu, kisha ikawa vazi lolote la kitabu. Neno hili halikusafiri mikono mitupu, kwa kuwa misahafu ya wafanyabiashara wa pwani, waliopita Kabambare kuelekea Kasongo katika karne ya 19, kwa kawaida ilivikwa ngozi. Jalada la mbao, basi, ni ngozi ya mti, na walioipitisha istilahi hiyo kwa kunyoosha mikono hawakuona ajabu yoyote.

Watajitetea kwamba leo hata karatasi ngumu huitwa jalada, na katika hilo wana haki; lakini kasoro ya pili haina utetezi. Jalada hushikamana na kitabu mgongoni. Hata mbao za vitabu vya kale vya Ethiopia, ambazo nyingine huchongwa kwa mringaringa, hushonwa pamoja na kurasa, na hapo jalada lingevumilika. Miswada ya Bihar, Bengal na Nepal haina mgongo: ni majani ya miti ya jamii ya mtende, marefu na membamba, yaliyotobolewa na kupitishwa uzi, yakalazwa kati ya vibao viwili vilivyo huru, ambavyo upande wao wa ndani mara nyingi huchorwa Buddha, matukio ya maisha yake au Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima, huku upande wa nje ukipakwa sandali na rangi nyekundu na waumini.

Kiswahili kina banzi, kipande chembamba cha mti uliopasuliwa, kile kinachoshika samaki motoni na kile ambacho mganga wa mifupa hukifunga pande mbili za mguu uliovunjika. Mti, wembamba, ujozi na kufungwa kwa kamba vyote vimo humo bila kivumishi chochote. Kuna mtaalamu mmoja aliyelidhihaki neno hili kwa kukumbusha kibanzi cha Injili, kile kilicho jichoni mwa ndugu. Mtaalamu huyo angefaa kukumbushwa kwamba ki- hapo ni ya udogo, na kwamba boriti nayo imetajwa katika aya hiyohiyo. Pendekezo la "ubao" lina heshima zaidi, ila kwa mtoto wa chuo cha Kurani, Lusangi au Lamu, ubao ni wa kuandikia na kufuta, na kibao cha mswada hakiandikwi wala hakifutwi.

Kwa matumizi: banzi la juu, banzi la chini, mabanzi yaliyochorwa.