Maji Yachemkapo Milimani Karagwe

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni waalimu wenzangu, nao wajua ya kuwa hesabu za joto na za sauti huwatisha wanafunzi kuliko nyingine. Mtoto hukariri kanuni, akatia namba, akapata jibu. Ukimwuliza maana yake, hushangaa kusikia kwamba lina maana. Leo nataka kuonyesha ya kuwa hesabu hizi zina historia yake, na ya kuwa sehemu ya historia hiyo ilipita katika milima yetu ya Karagwe na Kyerwa.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu. Siku moja niliwapa wanafunzi kazi ya kuchemsha maji na kusoma kipimajoto. Wote waliandika digrii 100, maana ndivyo kisemavyo kitabu. Msichana mmoja tu aliandika 95. Nikamtia alama ya kosa, na wenziwe wakamcheka. Usiku nilipoyafikiri mambo hayo, nikaona ya kuwa mwenye kosa ni mimi.

Maji huchemka katika digrii 100 pale pwani, ambapo hewa yote iliyo juu yetu huyalemea. Kadiri tupandavyo mlima, hewa ya juu hupungua na uzito wake hupungua. Kwa hiyo mvuke hupata njia ya kutoka mapema. Kila tupandapo mita 300 hivi, maji huchemka mapema kwa digrii 1. Basi mahali penye kimo cha mita 1,500, kama palivyo pengi huku kwetu, gawanya 1,500 kwa 300, utapata 5. Toa katika 100, utapata 95. Yule msichana hakukosa hata kidogo.

Sasa tutazame historia. Mwezi wa Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, naye akawapokea kwa ukarimu mkubwa. Mwezi wa Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant alibaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Kiongozi wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye hapo nyuma alifuatana na Speke mpaka Ziwa Nyanza katika mwaka 1858. Wasafiri wa siku zile walipotaka kujua kimo cha nchi, walichemsha maji, wakasoma kipimajoto, wakageuza digrii kuwa urefu. Ndiyo hesabu ile ile ya yule msichana, ila imeanzwa upande wa pili.

Lakini chombo kikiwa na kasoro, hesabu njema haifai kitu. Mwaka 1858, Speke na Richard Burton walipofika Ziwa Tanganyika, kipimajoto walichokuwa nacho hakikuwa cha kutegemewa. Wakapata kimo cha futi 1,800 hivi, yaani kama mita 550, na kumbe ziwa lile lina kimo cha mita 773. Toa 550 katika 773, zabaki 223. Gawanya kwa 300, utaona ya kuwa kasoro yote ya kipimajoto haikufika hata digrii 1. Kwa sehemu ndogo hiyo ya digrii, ziwa zima lilishushwa zaidi ya mita 200! Nalo halikuwa jambo dogo, maana Burton na Speke waligombana juu ya asili ya mto Nile, na Burton alidai ya kuwa maji ya Tanganyika huenda yakatoka upande wa kaskazini kuufuata mto huo. Katika ugomvi kama huo, kimo cha kila ziwa ni shahidi. Speke alikufa Septemba 1864, siku moja kabla ya mkutano uliotazamiwa kuwakutanisha wawili hao. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikwenda wakaona kwa macho yao ya kuwa mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki.

Habari ya sauti nayo ina fundisho lake. Isaac Newton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1687, alihesabu mwendo wa sauti hewani, na jibu lake likapunguka kwa kadiri ya sehemu 15 katika kila 100. Chombo hakikuwa na kosa. Kilichosahauliwa ni joto. Sauti ipitapo huigandamiza hewa, na hewa iliyogandamizwa hupata joto kabla joto hilo halijaweza kutoka. Mfaransa Laplace alisahihisha jambo hilo mwaka 1816. Leo twajua ya kuwa katika joto la digrii 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde 1. Ukiona shoka la mtu likiangukia gogo ng'ambo ya bonde, ukahesabu sekunde 3 kabla ya kusikia mlio, mtu yule yuko kama kilometa 1 mbali nawe.

Hesabu hizi zafika hata jikoni. Maharage huchelewa kuiva huku milimani kwa sababu maji yachemkayo hayana joto la pwani. Na maji yakisha kuchemka, kuongeza kuni hakuongezi joto lake, bali huyakausha upesi. Mama ajuaye hayo hupunguza moto, na mzigo wake wa kuni hudumu zaidi.

Asubuhi ile nilifuta alama yangu mbele ya darasa zima, nikamwomba msichana yule radhi. Kisha nikawauliza wale walioandika 100 waliiona wapi namba hiyo. Kimya kikawa kirefu. Mwisho kijana mmoja akasema, “Kitabuni, mwalimu.” Tukachemsha maji tena, na safari hii kila mtu akaandika alichokiona.