Namba ya Kushoto: Historia Fupi ya Lenzi ya Kila Siku

Wadau, najua nimeadimika. Nilikuwa nahangaika na jambo linaloonekana dogo: ninunue lenzi gani. Nimesoma, nimeuliza watu, nimezunguka Kariakoo mpaka soli ya kiatu imelegea, kisha nikagundua kwamba jibu nililokuwa nalitafuta madukani lilikuwa limekaa kwenye historia. Basi leo ni historia. Siasa zitasubiri.

Chanzo cha yote ni mvua. Masika yaliyopita maji yalijaa Jangwani, nami nikatumwa picha. Nilikuwa na kamera ya mtumba na lenzi mbili zisizovuta, moja ya milimita 50 na nyingine ya 24. Nimesimama pembeni na ile 50, namwona kondakta wa daladala anatoka majini na mtoto begani, nyuma yake gari limezama hadi kwenye taa. Anakuja moja kwa moja kwangu! Nikitaka gari lionekane, yeye anakatwa. Nikachomoa lenzi, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta ile 24. Nilipoinua kichwa, mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake na kondakta anakamua shati. Nikampelekea mhariri picha ya maji. Hakusema kitu, na heri angesema.

Ndipo nikaamua kununua zumu moja ya kukaa kwenye kamera siku nzima. Akiba yangu ilikuwa laki tatu na nusu, na isingerudi upesi. Muuzaji mmoja akanitolea 28-80 ya enzi za filamu, safi, bei nzuri. "Bosi, hii inafanya kila kitu." Nilishafungua pochi. Kwa nini niliifunga nitaeleza, lakini turudi nyuma kwanza.

Wenzetu wa sinema walitangulia. Mwaka 1932 ilitoka Cooke Varo, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya kampuni ya Bell & Howell ya Marekani, ikivuta kutoka milimita 40 hadi 120. Baada ya vita, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, Frank Back, akatengeneza zumu aliyoiita Zoomar, na kufikia 1947 televisheni za Marekani zilikuwa zinaitumia kwenye michezo.

Sisi wa picha za mnato tukasubiri zaidi ya miaka kumi. Kwa nini? Fremu ya sinema ni ndogo, na picha inayotembea inasamehe mengi. Picha ya mnato inakuzwa, inabandikwa ukutani, mtu anaitazama hadi anaona kasoro. Halafu, zumu ina maana pale tu unapochungulia kupitia lenzi yenyewe, na kamera za namna hiyo, zenye kioo ndani, zilikuwa bado hazijatawala soko.

Mwaka 1959 Voigtländer ya Ujerumani ikauza lenzi ya Back, Zoomar 36-82, f/2.8. Hiyo ndiyo zumu ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kamera za mnato za filamu ya milimita 35. Ndani yake mna vioo 14, na mdomo wake wa mbele ni mpana kama bakuli la uji. Haikuwa lenzi ya kila siku, ilikuwa lenzi ya kuonyesha wageni.

Ya kila siku ikaja kutoka Japani. Mwaka 1963 Nikon walitoa 43-86, f/3.5, vioo tisa tu, ndogo, ya bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Hapa sina budi kukaa kidogo, maana lenzi hii nimeishika kwa mkono wangu. Kuna mzee mmoja mjini, mpiga picha wa siku nyingi, anayo kabatini. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu alicheka, akaenda kuitoa.

"Marahaba, mwanangu. Wataalamu wameisema vibaya sana hii."

"Ni kweli ni mbaya, mzee?"

"Mbaya. Ukipiga nyumba, ukuta unavimba kama umeshiba. Ukivuta mpaka mwisho, ukuta uleule unabonyea. Lakini mimi nilikuwa napiga bibi harusi, sipigi ukuta. Imenilipia ada za watoto watatu."

Na kweli, matoleo ya mwanzo ya 43-86 yanajulikana duniani kwa kupinda mistari. Hata hivyo iliuzwa sana, ikarekebishwa vioo vyake katikati ya miaka ya 1970 na kuendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini mzee alikuwa na lalamiko jingine ambalo sikulisoma popote: ukoo mzima ukitaka picha sebuleni, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado mjomba wa mwisho alikatika sikio.

Hapo ndipo nikaelewa namba ya kushoto. Kila muuzaji anakusifia ya kulia, jinsi lenzi inavyovuta mbali. Ya kushoto ndiyo inayosema utaona upana kiasi gani, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo upana unavyozidi. Milimita 43 ni takriban ulalo wa fremu ya filamu, yaani pembe ya kuonea ya kawaida tu, bila upana wowote. Ukiifuatilia, historia nzima ya lenzi za kila siku ni historia ya namba hiyo kuteremshwa kwa jasho. Canon walifika 35-70 mwaka 1973. Nikon wakatoa 28-70 ya f/2.8 mwaka 1999. Mwaka 2002 Canon wakatoa 24-70 yao ya f/2.8, na masafa hayo waandishi wa habari bado wanayabeba hadi leo.

Kisha dijitali ikatuharibia hesabu. Sensa ya kamera nyingi za bei nafuu ni ndogo kuliko fremu ya filamu. Kwa Canon za aina hiyo unazidisha kwa 1.6. Chukua ile 28-80 ya muuzaji wangu: 28 mara 1.6 ni karibu 45. Jamani, ningelipa akiba yangu yote kurudi mwaka 1963, mgongo ukutani kama mzee!

Kwa sababu hiyohiyo, Canon walipotoa EOS 300D mwaka 2003 walileta pamoja nayo 18-55, ambayo kwenye sensa ile inaona kama 29-88. Watu wanaidharau kwa kuwa ni plastiki na f/3.5-5.6, na jioni kweli inateseka. Kuna 18-200 za kusafiria, nazo zina giza vilevile ukizivuta. Anayepiga kumbini usiku anahitaji 17-50 ya f/2.8, kama ile Tamron walioitoa mwaka 2006, ila bei zake zilinifukuza.

Nikachukua 18-55 iliyotumika, ya toleo lenye kutuliza mtikisiko, na chenji ikatosha flashi ya mtumba. Kutuliza huko kunasaidia mkono wangu tu, si mtu anayekimbia, kwa hiyo flashi naiona ni ya lazima. Wiki ya kwanza nimepiga nayo soko la Feri alfajiri: mnadishaji wa samaki, kisha umati mzima unaomzunguka, bila kuchomoa chochote. Picha mbili zimetoka gazetini.

Mwenye 17-50 ya f/2.8 iliyochakaa nje lakini vioo vizima, na asiye na haraka ya kulipwa, anitafute.