Elimu Maalumu ya Awali nchini Marekani

Elimu maalumu ya awali nchini Marekani ni huduma ya umma inayotolewa bila malipo kwa watoto wenye ulemavu wa umri wa miaka 3 hadi 5. Wamo wenye usonji na waliochelewa katika hatua za ukuaji, kama vile kusema, kutembea, kujihudumia au kucheza na wenzao.

Historia

Sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za umma, lakini majimbo mengi hayakubanwa kuwahudumia wa umri wa chekechea. Marekebisho ya mwaka 1986 yalifunga mwanya huo kwa kuambatanisha ruzuku na sharti la kuwahudumia kuanzia miaka 3. Mwaka 1990 sheria hiyo ilipewa jina la IDEA, na usonji ukatajwa kuwa aina ya ulemavu inayojitegemea.

Upimaji na mpango

Mtoto hupimwa kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi. Jimbo likiruhusu, anaweza kuhudumiwa kwa sababu ya kuchelewa kukua tu, kabla hajabainika ana ulemavu gani. Kigezo hicho hakivuki miaka 9. Mzazi, walimu na wataalamu huandaa mpango wa elimu wa mtoto huyo, wenye malengo yanayopimika, na huupitia angalau mara moja kwa mwaka.

Darasani

Madarasa mengi hutumia ratiba ya picha, mbinu iliyoenezwa na TEACCH, programu iliyoanzishwa North Carolina mwaka 1972 chini ya Eric Schopler. Kwa asiyesema upo mfumo wa PECS, uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985. Mtoto anayetaka biskuti humkabidhi mwalimu picha yake na kupewa biskuti papo hapo. Mwanzoni mtu mzima wa pili hukaa nyuma yake na kumwongoza mkono bila kusema neno, ili mtoto aanze mwenyewe badala ya kungoja kuulizwa.

Sheria inataka mtoto asome pamoja na wasio na ulemavu kadiri inavyomfaa. Programu ya LEAP, iliyoasisiwa na Phillip Strain mwanzoni mwa miaka ya 1980, huwafundisha wanafunzi hao jinsi ya kumwalika mwenzao mwenye usonji mchezoni, hivyo nao huwa sehemu ya mafunzo yake.