Bodi ya Shule Si ya Wazee Peke Yao

Juzi mwenyekiti wa bodi ya shule niliyosomea aliniuliza kama naweza kujitolea kukaa BOM. Nikacheka. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili juu ya karo? Halafu nikarudi kwa historia, kicheko kikaisha.

Manze, shule nyingi Kenya zilisimamiwa kwanza na watu wasiokuwa na digrii. Mzozo wa 1929 kuhusu ukeketaji ulipotenganisha Wakikuyu wengi na wamishonari, wazazi walitoa watoto shule za misheni, wakajenga zao. Kamati za wenyeji zilichangisha pesa, zikatafuta mwalimu, zikamlipa. Walimu wakawa wachache, ndiyo Mbiyu Koinange akafungua chuo Githunguri mwaka wa 1939 kuwafunza wengine.

Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya mkoloni ilifunga chuo hicho na nyingi za shule hizo. Jiulize, aliogopa nini kwa kamati ya kijiji?

Baada ya uhuru, shule za harambee zilijengwa vivyo hivyo: mchango, kamati, jasho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikageuza BOG kuwa BOM, na kuwapa wazazi wawakilishi sita.

Lakini sisi vijana? Karo ikipanda tunapiga kelele mtandaoni, bajeti ikijadiliwa hatuko.

Nimekubali jina langu lipelekwe. Likipita, swali langu la kwanza ni hili: vyoo vya wasichana vitakamilika lini?