Kukataa Kisasi Si Kunyamaza



Ulimwengu ulimjua Daktari Denis Mukwege kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018. Sisi wa bonde la Ruzizi tulimjua kabla, kule Lemera, katika milima iliyo juu yetu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Mtoto alifuatana naye kuwaombea wagonjwa, akaona baba ana maombi lakini hana dawa. Ndipo akataka kuwa daktari.

Alikuwa mkuu wa hospitali ya Lemera iliposhambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Hakutafuta silaha. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako maelfu ya wanawake waliobakwa wametibiwa. Wala hakufunga kinywa. Septemba 2012 alisema wazi katika Umoja wa Mataifa. Mwezi uliofuata watu wenye bunduki waliingia kwake, wakamwua mfanyakazi wake. Akakimbilia Ulaya. Akina mama waliuza mananasi na vitunguu ili wamlipie tiketi, na tarehe 14 Januari 2013 akarudi. Mpaka leo anadai mahakama kwa ajili ya waliouawa Kongo, wa Lemera wakiwemo.

Nasi hapa Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa ibadani. Tangu siku ile tunasikia sauti mbili. Moja inasema: lipizeni. Nyingine inasema: mmesamehe, basi nyamazeni. Zote mbili zinatupoteza.

Warumi 12 inamwachia Bwana kisasi. Haituagizi kuuficha ukweli. Mjane wa Luka 18 hakumwendea adui yake na panga, wala hakukaa nyumbani akilia tu. Alimrudia kadhi tena na tena, mpaka akapewa haki.

Ndugu na dada, tushike njia hiyo. Majina ya wafu wetu tuyaandike, watoto wayajue. Tukiitwa kushuhudia, tuseme tulichokiona, bila kuongeza. Na anayewachochea vijana wetu wakachome nyumba ya jirani kwa sababu ya kabila lake, tumkatalie, hata akiwa ndugu yetu wa damu.

Bwana atupe moyo wa kusamehe na kinywa cha kudai haki. Amina.