Enzi za Hendeli: Kuwasha Gari Kulipokuwa Kunavunja Watu Mikono

Leo mtu anaingia kwenye kigari chake, anakanyaga breki, anabonyeza kitufe, huyoo. Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka 100, umwangalie mwenye Ford Model T, gari la bei nafuu lililotoka Marekani mwaka 1908.

Stata hakuna. Unashuka, unaenda mbele, unashika hendeli, kile chuma kilichopinda, unaizungusha injini kwa nguvu zako mwenyewe. Na kulikuwa na masharti. Kwanza uvute hendibreki mpaka mwisho, maana kwenye gari lile ndiyo iliyokuwa inaitenga injini na magurudumu. Ukisahau, gari likiwaka linakufuata, na wewe ndiye umesimama mbele. Kama nyuma yako kuna ukuta, imekula kwako.

Pili, usogeze kijiti kidogo pale kwenye usukani ili cheche ichelewe. Cheche ikiwahi, injini inapiga kinyume na hendeli inarudi na mkono wako. Ndiyo maana waliojua kazi walivuta kwa mkono wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, ili chuma kikigeuka kichomoke chenyewe. Wabishi waliishia hospitali. Mivunjiko ilizidi mpaka aina moja, ya mfupa wa karibu na kifundo cha mkono, ikapewa jina la madereva, na madaktari wanalitumia hadi leo.

Ukishawasha, kuendesha nako kizungumkuti. Pedali tatu: kushoto gia, katikati ya kurudi nyuma, kulia breki. Mafuta unaongeza kwa mkono. Dereva wa sasa angetafuta breki katikati akajikuta anarudi alikotoka!

Ahueni ilikuja na Cadillac za mwaka 1912, zilizokuwa na stata ya umeme. Wapo waliokiona kifaa hicho ni cha kuwabembeleza akina mama, kana kwamba mfupa wa mwanaume hauvunjiki. Wenye Model T walisubiri mpaka 1919.

Na tukisema akina mama, kuna mmoja Ujerumani, mwaka 1888, aliyechukua gari la mumewe bila kumwambia, akapakia watoto wake wawili wa kiume na kusafiri kilomita 100 na ushee. Kwenye vilima, watoto walisukuma. Kwenye miteremko, breki za mbao zikalika. Hakulia. Akatafuta fundi viatu, akagongewa ngozi juu ya zile mbao, safari ikaendelea. Mumewe alikuja kupewa taarifa kwa telegramu.

Kupaki ndiko watu wanakodharau siku hizi, eti gari ni automatiki. Ile P ni kijino tu cha chuma ndani ya gia boksi. Kwenye mteremko, ukiweka P ukaachia breki, uzito wote unakilalia. Mpangilio mzuri: mguu kwenye breki, vuta hendibreki, ndipo uweke P, na matairi ya mbele uyageuzie ukingo wa barabara. Jiwe la kuzuia tairi nalo si ushamba. Matanboi wa malori makubwa bado wanatembea na magogo yao.