Soko la Nyangwe

Watu wengi wanadhani kwamba soko ni kitu kilicholetwa na Wazungu, pamoja na reli na franka. Sivyo. Kabla Mzungu wa kwanza hajafika kando ya mto Lualaba, wazee wa Maniema walikuwa na masoko yao, yenye siku zake, desturi zake na amani yake. Moja lilisifiwa kuliko mengine, nalo ni soko la Nyangwe. Inafaa tujue habari zake, maana zinatuonyesha namna watu wa shamba na watu wa mto walivyolishana, na namna kazi ya miaka mingi ilivyovunjwa katika asubuhi moja.

Mahali pake na siku zake

Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, upande wa mashariki, katika nchi ya Maniema, si mbali na Kasongo. Wasafiri watatu walifika huko na kuandika mambo waliyoyaona: David Livingstone mwaka 1871, Verney Lovett Cameron mwaka 1874, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Watu hao hawakufanana kwa tabia wala kwa nia, lakini wote watatu walistaajabia soko hilo.

Soko lilifanyika kila siku ya nne. Siku zilizobaki watu waliweza kwenda kwenye masoko mengine ya jirani, kila moja kwa zamu yake. Desturi ya namna hii haikuwa ya Maniema peke yake. Mbali sana, upande wa bahari, Wakongo walikuwa na juma la siku nne, nazo zinaitwa Nkandu, Konzo, Nkenge na Nsona. Kila soko lao lilijulikana kwa siku yake, na hata leo mji wa Sona-Bata unachukua jina la soko la siku ya Nsona.

Kwa nini siku nne? Ukifikiri kazi ya mwanamke wa shamba utaona kwamba hesabu hii inafaa. Alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka. Kesho yake alikwenda shambani kupalilia na kuchimba mihogo. Ilimpasa kulowesha, kukausha, kufunga mzigo, na kuanza safari tena kabla ya mapambazuko. Mvuvi naye alihitaji siku za kutega nyavu na za kukausha samaki juu ya moshi. Soko la kila siku lingewanyima nafasi ya kufanya kazi. Soko la mwezi kwa mwezi lingeozesha chakula.

Vitu vilivyouzwa

Siku ya soko mitumbwi ya Wagenia ilivuka mto tangu alfajiri, ikijaa wanawake na vikapu. Wengine walitoka bara kwa miguu, mizigo mizito mgongoni. Watu waliokusanyika walikuwa 1,000, hata 2,000 na zaidi, na wengi wao walikuwa wanawake.

Watu wa mto walileta samaki wabichi na wakavu, na vyungu vya udongo. Watu wa bara walileta mihogo mikavu, mahindi, viazi vitamu, ndizi, karanga, ufuta, maharagwe, miwa, mawese, pilipili, kuku, mbuzi na nguruwe. Palikuwa na chumvi, asali, mayai, konokono waliokaushwa, panzi na kumbikumbi. Wanaume walileta majembe na vyuma vingine, pamoja na viramba, yaani nguo zilizofumwa kwa nyuzi za rafia. Watu walibadilishana kitu kwa kitu. Wengine walilipa kwa simbi au ushanga. Livingstone alikaa kuwatazama wanawake wakipunguziana bei, wakicheka, wakitaniana na kuapa kwamba hawawezi kushuka tena, naye aliona wazi kwamba furaha ile ilikuwa sehemu ya faida yao.

Tusisahau jambo la huzuni: Stanley aliona watumwa pia wakiuzwa katika soko hilo hilo. Hatuwezi kusifu kila kitu cha zamani kwa sababu ni cha zamani.

Tazameni sasa jinsi chakula kilivyofuata majira. Kumbikumbi hutoka mvua inapoanza. Mahindi mabichi yana mwezi wake. Wakati wa kiangazi maji hushuka, na samaki huvuliwa kwa urahisi zaidi. Lakini muhogo hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, na ukikaushwa husafiri mbali bila kuharibika. Kwa hiyo muhogo ulikuwa nguzo ya soko mwaka mzima, na vitu vingine vilikuja na kwenda kama wageni. Hakuna aliyetafuta kumbikumbi katika mwezi wa Julai. Kila mtu alijua kwamba zamu yao itarudi.

Tena aliyeuza ndiye aliyelima, au ndugu yake. Aliyenunua muhogo mbovu alijua mwenye kosa, na baada ya siku nne angemkuta palepale. Hivyo mwuzaji alikuwa na sababu nzuri ya kutunza jina lake.

Amani ya soko

Jambo lililowashangaza wageni kuliko wingi wa watu ni usalama wao. Mara nyingi vijiji vya Maniema vilikuwa vikigombana, na wanaume wa mlima huu hawakuweza kupita mlima ule bila mkuki. Lakini wanawake waliokwenda sokoni walipita katikati ya vijiji hivyo bila kuguswa. Siku ya soko, ugomvi uliwekwa kando.

Kwa Wakongo pia palikuwa na sheria kali: ilikuwa mwiko kuingia sokoni na silaha, na aliyevunja amani ya soko alipewa adhabu kubwa mno. Wazee hawakuweka sheria hizo kwa upole wa moyo tu. Walijua kwamba mvuvi hawezi kula samaki peke yake, wala mlimaji hawezi kupika bila chungu na chumvi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijiji kilichowafukuza wanawake wa jirani kingeona njaa yake chenyewe.

Tarehe 15 Julai 1871

Siku hizo Wangwana, yaani wafanya biashara waliotoka pwani na watu wao, walikuwa wamekwisha kupanga Nyangwe. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mmoja wao, jina lake Dugumbe, alikuja na kundi kubwa lenye bunduki. Kati yao palikuwa na wivu. Mtumwa mmoja wa mfanya biashara mwingine, jina lake Manilla, alikuwa amechanjiana damu na watemi wa ng'ambo ya mto. Watu wa Dugumbe walikasirika. Walitaka watemi hao wajue kwamba sharti wafanye urafiki na wao peke yao.

Siku hiyo ya Julai kulikuwa na joto zito. Watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika sokoni. Livingstone aliona watu watatu wakiingia na bunduki, akashangaa, kwa sababu haikuwa desturi. Mmoja alianza kubishana na mwuzaji juu ya bei ya kuku. Mara bunduki zililia, mbili kwanza, kisha nyingi. Watu walitupa mizigo yao na kukimbilia mitumbwi iliyofungwa katika kijito. Lakini kundi jingine lilikuwa limesimama karibu na kijito, nalo likawapiga risasi waliokuwa wakikimbia. Mitumbwi ilisongamana, haikuweza kutoka. Wanawake wengi walijitupa majini, wakajaribu kuogelea, na mto ukawachukua. Dugumbe mwenyewe, baada ya kuona mambo hayo, alituma mtumbwi ukaokoa watu 21 majini.

Wafanya biashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku hiyo hiyo kundi la Tagamoio lilikuwa ng'ambo likichoma vijiji.

Livingstone hakuweza kukaa tena. Tarehe 20 Julai aliondoka Nyangwe kurudi Ujiji, na huko Stanley alimkuta mwaka ule ule. Stanley alichukua barua zake hadi Uingereza mwaka 1872. Habari za wanawake wa Nyangwe ziliwachoma watu moyo, zikaongeza nguvu ya wale waliodai mwisho wa biashara ya watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Basi wale waliokufa wakiwa na vikapu vya mihogo walisaidia kufungwa kwa soko la watu, nao hawakujua.

Soko lilirudi

Je, soko la Nyangwe lilikufa siku hiyo? Hapana. Cameron alipofika mwaka 1874 alilikuta limejaa. Stanley naye alilikuta mwaka 1876. Wanawake walikuwa wamerudi, ingawa Wangwana walikuwa wangali pale na bunduki zao. Ushujaa huo haukuandikwa kwa majina, lakini tuuheshimu. Watoto walihitaji kula, na chakula kilikuwa ng'ambo.

Tuseme kweli pia: Wangwana hawakuacha damu tu. Walipanda mpunga kuzunguka Nyangwe, na mpaka leo Maniema inajulikana kwa mchele wake. Lugha ninayoandika hapa ilifika katika nchi hizi kwa njia yao.

Kisha ikaja vita kati ya Wangwana na Serikali Huru ya Kongo. Askari wa Dhanis waliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na mji ule mkubwa ukaharibika. Baadaye njia za biashara zilihamia penye reli na masua, na Kindu ikakua.

Soko la lazima

Serikali ya Wabelgiji ilileta soko la namna nyingine. Tangu mwaka 1917 ililazimisha watu wa shamba kulima pamba, na katika nchi nyingine mpunga. Amri ya mwaka 1933 iliweka siku 60 kila mwaka kuwa za kazi za lazima, na kilimo hicho kilikuwa ndani yake. Katika kila eneo la pamba kampuni moja ilipewa ruhusa ya kununua, na bei iliwekwa na serikali. Mkulima alifika na mzigo wake, ukapimwa kwenye mizani, akapokea alichopewa.

Lilinganishe soko hilo na la Nyangwe. Mwanamke wa Nyangwe aliweza kusema "sitaki", akafunga mzigo wake na kumwendea mnunuzi mwingine. Mlimaji wa pamba hakuwa na mnunuzi mwingine. Tena pamba hailiwi: siku zilizotumiwa katika pamba ziliondolewa katika mihogo na maharagwe.

Miji na mashamba yake

Tutazame mwishowe mji wa Lubumbashi, uliozaliwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Wafanya kazi wa migodi walikuwa wengi, na mashamba ya karibu yalikuwa machache. Makampuni hayakungoja wakulima wa jirani wakue. Yalinunua unga Rhodesia ya Kaskazini, na baada ya reli ya Kasai kufunguliwa mwaka 1928, mahindi ya Kasai pia. Mfanya kazi alipewa posho yake ya unga, bila kujua aliyelima.

Rhodesia ya Kaskazini imekuwa Zambia, lakini desturi imebaki. Mwaka 2024 ukame mkali uliunguza mahindi ya Zambia, na serikali yake ikatangaza msiba wa taifa. Mvua inaponyimwa ng'ambo ya mpaka, mama wa Lubumbashi ndiye anayehangaika na bukari ya watoto wake.

Sisemi kwamba mji mkubwa unaweza kuishi kwa vikapu peke yake. Unga wa mbali unahitajika. Lakini mji usio na wakulima wake wa karibu unafanana na mtu anayesimama kwa mguu mmoja. Wako wanaolima mboga kando ya vijito wakati wa kiangazi, wako wanaoleta uyoga na viwavi mvua inaponyesha, na mihogo na viazi kwa wakati wake. Wengi wao wanazuiliwa na barabara mbovu. Wengine wanatozwa fedha kwenye kila kizuizi cha njiani, hata wakifika sokoni faida imekwisha kuliwa. Wazee wa Maniema wangelia kuona mambo haya. Wao, hata wakiwa vitani, waliwaacha wanawake wenye vikapu wapite.

Kwa hiyo, wenye kutawala njia wakumbuke kwamba anayemnyang'anya mlimaji njiani anaunyang'anya mji mzima. Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Tununue chakula katika majira yake, kinapokuwa kingi na kizuri. Tumjue aliyekilima, na tumlipe bei itakayomwezesha kurudi. Kwa maana soko halitunzwi na kuta wala paa. Nyangwe haikuwa na vitu hivyo. Ilikuwa na siku inayojulikana, njia iliyo salama, na watu waliokuwa na hakika kwamba baada ya siku nne wataonana tena.